Uzi wa Battlefield 6: tunaosubiri, tuliojaribu beta na tunaocheza kwa pingi ya Dar

Mkuki wa Mbezi | 2 Agosti 2025

Wakuu, habari za Jumamosi. Najua leo macho yote yako kwa Mkapa, Stars wanafungua CHAN na Burkina Faso, lakini nafungua huu uzi mapema ili wikiendi ijayo tusianze kuulizana kwenye magrupu ya WhatsApp.

Juzi tarehe 31 wameonyesha rasmi upande wa wachezaji wengi mtandaoni wa Battlefield 6, gemu ya vita ya kampuni ya EA. Beta ya wazi (toleo la majaribio, bure kwa wote) ni 9 na 10 Agosti, halafu tena 14 hadi 17. Wenye kodi (namba maalumu ya kuingilia mapema) wanaingia kuanzia tarehe 7. Kwa saa zetu milango inafunguliwa saa tano asubuhi. Gemu kamili ni 10 Oktoba.

Kwa wageni wa huu mfululizo: ulianza 2002 na Battlefield 1942, kazi ya studio ya DICE wa Stockholm, Sweden. Ikaja ya 2 mwaka 2005, Bad Company 2 mwaka 2010, ya 3 mwaka 2011. Ya 4 ilitoka 2013 imejaa matatizo, wakaitengeneza hadi watu wakaisahau ile aibu. Halafu Novemba 2021 wakatuletea Battlefield 2042. Wachezaji 128 kwenye uwanja mmoja, wakafuta zile nafasi nne za askari wakaweka "mabingwa" wenye majina na vikorombwezo, hata ubao wa matokeo wa kueleweka haukuwepo siku inatoka. Unakimbia dakika tatu kwenye nyasi, unapigwa na mtu usiyemwona, unaanza kukimbia upya.

Safari hii wamerudi kwenye wachezaji 64 na nafasi zile nne: Assault (mshambuliaji), Engineer (fundi wa magari), Support (wa dawa na risasi) na Recon (mpelelezi). Studio ni nne chini ya jina moja la Battlefield Studios: DICE, Criterion, Motive na Ripple Effect, na aliyesimamia mfululizo wakati huo ni Vince Zampella, mmoja wa waliozaa Call of Duty.

Mimi sitaihukumu kwa picha. Trela zote ni tamu. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: mtu aliyeko Mbezi, Tabata au Mbagala, ambaye pingi yake (muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi) haishuki chini ya milisekunde 150 akienda seva za Ulaya, ana kazi ya kufanya humu ndani, au ni wa kwenda kuhesabiwa vifo? Kwa sababu COD (Call of Duty) kwa pingi hiyo ni mateso matupu.

Karibuni. Wabishi pia mnaruhusiwa.

Sina Bando | 2 Agosti

Nimekaa paleee. Mkuu, PS4 inakubali?

Mkuki wa Mbezi | 2 Agosti

Haikubali dogo. Ni PS5, Xbox Series X na S, na kompyuta. PS4 wameiacha.

Sina Bando | 2 Agosti

Basi mimi ni mtazamaji kama mkutano wa kijiji.

Mgeni Rasmi | 2 Agosti

Nyie watu hamkomi. 2042 trela yake mlilia machozi humu humu, mtu anaruka kutoka kwenye ndege, anapiga roketi, anarudi kwenye ndege. Mkalipa. Baada ya miezi mkawa mnatafuta wa kucheza nao hamuoni. Leo tena "safari hii ni tofauti". Haya.

Fundi Pedi | 3 Agosti

Mgeni Rasmi ana hoja, ila beta ni bure, kwa nini nisijaribu?

Niseme na upande wa biashara maana niko Kariakoo natengeneza pedi na konsoli, nawaona wenye vibanda kila siku. Battlefield haitaingia vibandani hata iwe nzuri vipi. Kibanda kinaishi kwa FC (gemu ya mpira), watoto wawili pedi mbili, mmoja akifungwa anapisha. Battlefield haigawanyi skrini. Mtu mmoja anashika TV nzima, mechi inachukua karibu nusu saa, na intaneti inatakiwa muda wote. Mwenye kibanda atakufukuza.

Halafu bei. Ni dola 69.99, kama laki na sabini kwa dola ya Agosti 2025. Na wa PS5 mnajua kwamba PSN (mtandao wa PlayStation) haina Tanzania kwenye orodha yake ya nchi. Wengi hapa tuna akaunti za Marekani au Uingereza, tunanunua kadi za kujaza pesa. Nunueni kadi ya nchi ile ile ya akaunti, kila wiki naletewa mtu analia kadi yake imekataa. Wale wa gemu ya Helldivers 2 mnakumbuka Mei 2024, Sony walipotaka kila wa kompyuta aunganishe akaunti ya PSN: gemu ikaondolewa Steam, duka la gemu za kompyuta, kwenye nchi zaidi ya 170 ambazo PSN haipo, na sisi tukiwemo. Huku kwa Battlefield ni akaunti ya EA tu, hiyo inafunguka bila shida.

Bi Tabata | 3 Agosti

Wa kompyuta njooni hapa kabla hamjaanza kupakua. Gemu inadai Secure Boot (ulinzi wa kompyuta wakati inawaka) iwe imewashwa, la sivyo haifunguki kabisa. Ni kwa ajili ya mlinzi wao wa wanaochiti, anaitwa Javelin. Kwetu tunaonunua kompyuta za mtumba hili ni tatizo la kweli, kwa sababu nyingi zimewekewa Windows kwa mtindo wa zamani.

Fungua msinfo32, angalia palipoandikwa BIOS Mode. Ikisoma UEFI (mtindo mpya), unaingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), unawasha Secure Boot, umemaliza. Ikisoma Legacy (mtindo wa zamani), diski yako karibu hakika imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na ukibadilisha BIOS peke yake kompyuta haitawaka kwenye Windows. Kwanza diski igeuzwe kuwa GPT, mpangilio mpya. Windows yenyewe ina programu inaitwa mbr2gpt, haifuti mafaili. HATA HIVYO hamisha vitu vyako kwanza kwenye diski ya nje. Picha za harusi ya dada yako hazina nakala nyingine. Baada ya hapo ndiyo unazima CSM (sehemu ya kuwashia mtindo wa zamani) kwenye BIOS na kuwasha Secure Boot.

Kima cha chini wanachotaka ni kadi ya picha RTX 2060, prosesa i5-8400 na RAM GB 16. Mwenye GTX 1050 Ti asije kuniuliza.

Kipanga wa Kigamboni | 3 Agosti

Dada umetisha. Nina 1050 Ti, siulizi.

Mkuki wa Mbezi | 10 Agosti

Mrejesho, wakuu.

Kwanza foleni. Jana saa tano na dakika chache nimeingia, naambiwa mbele yangu kuna watu zaidi ya laki moja. Nikaenda sokoni, nikarudi, bado. Steam peke yake jana walifika 521,079 kwa wakati mmoja, hapo hujahesabu PS5 wala Xbox. Mchana nikapata nafasi, nikacheza hadi jioni, nikatoka kuangalia Stars na Madagascar (Mzize mawili, asante Mungu), nikarudi tena hadi mke wangu akazima taa ya sebuleni bila kusema kitu.

Sasa pingi. Yangu ilicheza kati ya 150 na 180. Kabla hamjalaumu mtandao wenu, jueni hivi: mwanga ndani ya nyaya za faiba unakwenda kama kilomita laki mbili kwa sekunde. Kutoka Dar waya unapanda baharini, unapita Bahari ya Shamu, unatokea Mediterania, ndiyo uingie Ulaya. Ukihesabu kilomita elfu kumi kwenda na elfu kumi kurudi, tayari ni milisekunde 100, na hapo hakuna ruta hata moja iliyochelewesha. Hakuna kifurushi cha kukushushia hiyo. Anayekuuzia faiba ya "gemu" kwa maneno hayo anakuuzia upepo.

Maana yake uwanjani ni nini? Ni kama kuangalia mpira kwa kustrimu huku jirani ana kisimbuzi: yeye ameshapiga kelele ya goli, kwako winga ndiyo kwanza anakokota mpira. Kila unachokiona kimeshatokea. Halafu seva ikiamua nani kampiga nani inarudi nyuma kidogo kuangalia mpigaji alikuwa anaona nini kwenye skrini yake. Ndiyo maana umeshajificha nyuma ya ukuta na bado unakufa. Kwake yeye ulikuwa bado uko wazi.

Kwa hiyo nikakimbia na Assault kama kijana, nikawa nakufa kama kuku. Nikabadili nikawa Support.

Hapo gemu ikafunguka. Support ana begi moja lenye dawa na risasi, ana ile mashine ya kustua moyo ya kufufua wenzake, ana bunduki nzito. Ramani ya Siege of Cairo, tuko kwenye barabara ya katikati, jamaa wa kikosi changu kadondoka pembeni ya gari bovu. Zamani ungepiga magoti juu yake hapo hapo barabarani na kufa naye. Sasa unamshika, unamkokota huku unamfufua. Nikatupa moshi, nikamvuta hadi nyuma ya ukuta wa duka, akasimama. Sijamaliza kumpa risasi, kifaru kikatoboa ule ukuta, vumbi tupu, tukawa tunatazamana na wanaume watatu. Tulikufa wote wawili na nilicheka peke yangu kama chizi.

Ninachotaka kusema ni kwamba kufufua, kuweka begi, kutupa moshi, kuelekeza bunduki nzito kwenye kona moja na kuwazuia watu wasipite, kukarabati kifaru ukiwa Engineer, hakuna hata kimoja hapo kinachoamuliwa na milisekunde mia. Mechi nyingi nilikuwa juu kwenye ubao wa kikosi, na vifo nilivyosababisha ni vya kuhurumiwa. 2042 ilipofuta hizi nafasi ilimfuta mtu wa pingi kubwa. Hii imemrudisha.

Kipanga wa Kigamboni | 10 Agosti

Nimecheza kwa shemeji. Kaka unaisifia sana. Ramani ni ndogo! Iberian Offensive ile ni kichochoro, unazaliwa unapigwa mgongoni. Na ile shotgun, M87A1, risasi moja mtu chini, nusu ya seva wamebeba hiyo. Halafu watu wanateleza na kuruka kona kama sungura. Hiyo siyo Battlefield, ni COD imevaa magwanda mengine.

Mgeni Rasmi | 10 Agosti

Nilisema.

Mkuki wa Mbezi | 10 Agosti

Kipanga, la shotgun na la kuruka nakubali kabisa. Anayeteleza na kuruka ndiye anayefaidi pingi yetu mbovu kuliko wote, maana anatokea kwenye kona na kukupiga kabla skrini yako haijamchora. Wakilipunguza hilo sisi wa Dar tunapona kwanza. La ramani tusubiri, Liberation Peak ina nafasi ya kupumua. Mgeni Rasmi, wewe umecheza?

Mgeni Rasmi | 10 Agosti

Nimeangalia YouTube.

Bi Tabata | 11 Agosti

Tuliocheza tunaongea 😂

Nimeongeza mawili. La kwanza, mkiwa mmewasha gemu ya Valorant, Battlefield inakataa kufunguka, walinzi wawili wa wanaochiti hawakai nyumba moja. Funga moja kabisa. La pili, EA wenyewe wametoa taarifa kwamba ndani ya siku mbili Javelin ilizuia majaribio zaidi ya 330,000 ya kuchiti au kumchezea mlinzi mwenyewe. Na bado kuna watu wanaona kupitia kuta, wameshapigwa picha. Kwa hiyo Secure Boot ile mliyoteseka nayo inapunguza, haimalizi.

Mimi ni Recon. Pingi yangu nayo ni 160 na kitu, ila narusha droni, naweka alama kwa maadui, wenzangu wanapiga. Mkuki uko sahihi kwa hilo.

Fundi Pedi | 12 Agosti

Wa PS5, chomeni waya. Nasema kila siku. Ruta iko sebuleni, konsoli iko chumbani, ukuta wa tofali katikati, halafu mtu analia. Tatizo kubwa siyo pingi kuwa 160. Tatizo ni pingi kuruka: sasa hivi 150, sekunde ijayo 300, ikirudi 180. Mwili wako unaizoea 160 iliyotulia. Inayoruka hakuna anayeizoea. Wa kutumia simu kama ruta mtaona tofauti kuliko wote, hasa usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni.

Na bando: kucheza kwenyewe hakuli sana. Kinachokula ni kupakua, makumi ya GB, na masasisho kila wakati. Kama huna faiba nyumbani, pakua kwa rafiki mwenye nayo, hamisha kwa diski.

Sina Bando | 12 Agosti

Umenigusa jina fundi.

Kipanga wa Kigamboni | 17 Agosti

Wikiendi ya pili nimerudi. Wameongeza Empire State ya Brooklyn, haina hata gari moja, miguu tu. Kichochoro kingine! Ila nakiri kuta zikianguka raha yake siyo ya kawaida. Shemeji kachukua nyundo humo ndani ya gemu, yaani yeye hatumii mlango tena.

Mkuu swali: mwaka jana Mei ile intaneti ilipokufa nchi nzima, ilikuwa ni hizo nyaya ulizosema?

Mkuki wa Mbezi | 17 Agosti

Mwaka jana, ndiyo, tarehe 12 Mei 2024. EASSy na SEACOM, nyaya mbili za baharini, zilikatika siku moja, upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Wengi wetu trafiki yetu ilikuwa inapita huko. Ndiyo ujue pingi haitegemei uwanja uko karibu kiasi gani kwenye ramani. Inategemea mtoa huduma wako anaupitisha wapi. Jirani yangu ana mtoa huduma mwingine, mtaa mmoja, gemu moja, seva moja, kanizidi kwa milisekunde 40. Kabla ya kusaini mkataba nenda kwa jirani, omba dakika tano upime.

Mkuki wa Mbezi | 12 Oktoba 2025

Mrejesho wa pili. Ijumaa saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu milango imefunguliwa, na Steam wamepita 740,000 kwa wakati mmoja. Nilisubiri kidogo, si kama Agosti.

Nimelipa. Sijutii.

Kuteleza na kuruka kumepunguzwa kasi, ukiruka ukitoka kuteleza mwili unazama kama mtu, siyo sungura. Tofauti nimeiona kwenye kona siku ya kwanza. Kipanga, ramani zimefika tisa na Mirak Valley ndiyo kubwa kuliko zote, vifaru na helikopta zina pa kuzunguka. Operation Firestorm ya Battlefield 3 imerudi pia, yale matangi ya mafuta yanaungua vile vile, kwa mzee kama mimi hiyo ilitosha kulipia nusu ya bei. Kwa kweli bado ramani nyingi zimebana kuliko ninavyopenda, na Empire State naikimbia kila ikitokea.

Kampeni (sehemu ya kucheza peke yako) nimeigusa, siyo ya kuandikia mistari.

Kuhusu swali langu la Agosti. Jana usiku tulikuwa watu wanne wa uzi huu kwenye kikosi kimoja, wote pingi za Dar: mimi Support, Bi Tabata na droni, Fundi Engineer, Kipanga kwenye kifaru. Mechi ya Breakthrough (upande mmoja unashambulia, mwingine unalinda), sisi tunashambulia. Fundi alikaa nyuma ya kile kifaru mechi nzima na kifaa chake cha kukarabati, sidhani kama alipiga risasi ishirini. Kipanga hakufa kwa muda mrefu hadi wale jamaa wa upande wa pili wakaanza kutukana kwenye maandishi. Mmoja mmoja yeyote kati yao angetupiga asubuhi na mapema.

Fundi Pedi | 12 Oktoba

Na hakuna aliyesema asante kwa fundi. Kama dukani tu.

Kipanga wa Kigamboni | 12 Oktoba

Asante fundi. Shemeji anataka kompyuta yake, nimeanza kutafuta ya kwangu. Dada, RTX 2060 ya mtumba ninunue au nisinunue?

Bi Tabata | 12 Oktoba

Nunua, ila iwashwe mbele yako na ichezwe gemu nzito kama robo saa, siyo kuonyeshwa tu taa zinawaka. Nyingi zimechimba sarafu za kidijitali zikachoka. Sikiliza feni. Na muulize anayekuuzia kama ubao wa kompyuta unaenda UEFI, akikutolea macho ondoka.

Mgeni Rasmi | 13 Oktoba

Wakuu, ikishuka bei Krismasi mnijulishe. Siyo kwamba naitaka.

Sina Bando | 13 Oktoba

😂😂😂 Nimecheka kama mazuri.

Mkuki wa Mbezi | 13 Oktoba

Mgeni Rasmi njoo, nafasi ya Engineer wa pili ipo. Ijumaa saa tatu usiku, waya uwe umechomekwa kwenye ruta, na kila mtu amalize masasisho mchana. Tusije kukaa tunaangalia asilimia ya mtu mmoja.